Yale ya porini kwenye TV usiyaige, ukipotea kweli fanya hivi

Naandika hii kwa sababu natembea na vijana porini mara kwa mara na kila likija kundi jipya lazima awepo mmoja wa kuuliza eti ni kweli ukikosa maji unakunywa mkojo, na mwingine anataka kujua nyoka akikugonga unachanja wapi na unanyonyaje, na wote wameyatoa sehemu moja, kwenye vile vipindi ambavyo jamaa anashushwa na helikopta katikati ya jangwa akiwa na kisu tu. Vipindi vyenyewe sina ugomvi navyo, hata mi naviangalia. Shida inaanza pale mtu anapovichukua kama darasa.

Kitu cha kwanza uelewe ni kwamba TV haiwezi kuonesha mtu aliyetulia. Nani atakaa saa nzima anaangalia mtu kakaa chini ya mwamba na filimbi mdomoni? Kwa hiyo jamaa lazima aruke genge, avuke mto wenye mamba, ashuke maporomoko kwa kung'ang'ania mizizi, atafune kitu kinachochezacheza, yaani kila baada ya dakika chache kitokee kitu. Wewe ukipotea kazi yako kubwa ni kinyume chake kabisa: kutulia, kubaki mkavu, kuonekana, na kutovunjika mguu. Ukishaliweka hilo kichwani utaweza mwenyewe kuchuja karibu kila kitu unachooneshwa.

Na usisahau kuwa pale hayupo peke yake. Anaporuka kuna mtu yuko chini anampiga picha, maana yake huyo mtu kashafika chini salama kwa njia nyingine. Kuna daktari, kuna watu wa kamba, kuna redio, kuna gari au helikopta ya kumtoa. Mwaka 2007 ilitoka hadharani kwamba Bear Grylls wa Man vs. Wild kuna usiku alikuwa analala lodji wakati kipindi kinaonesha yuko porini, na baada ya hapo wakaanza kuweka tangazo kwamba yeye na timu yake wanapata msaada inapohitajika kwa ajili ya usalama. Sisemi kwa kumchafua, ana mafunzo ya jeshi na mwili wa mazoezi. Ila hilo tangazo lisome vizuri, ndo sentensi ya maana kuliko zote kwenye kile kipindi.

Ukigundua umepotea

Simama hapohapo. Sio usimame baada ya kupanda kile kilima cha mbele uone kuna nini, hapohapo ulipo. Watu wengi wanapotea kidogo, dakika kumi tu kutoka njiani, alafu hofu inawashika wanaanza kutembea haraka, wanakimbia, wanabadilisha uelekeo, na ndani ya saa mbili wametoka kabisa kwenye eneo ambalo mtu angewatafuta. Kaa chini kabisa, matako yaguse ardhi. Kunywa maji kidogo, kula kitu kama unacho, vuta pumzi mpaka mapigo yashuke. Akili ya mtu aliyepaniki inamwambia atembee, na hiyo ndo sauti ya kukataa kwa nguvu zote kwa angalau nusu saa.

Alafu fikiria: sehemu ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo ni ipi, na ilikuwa muda gani? Kama unaikumbuka njia uliyojia na ni mwanga bado, unaweza kurudi kwa nyayo zako taratibu huku unaweka alama, unavunja vitawi, unapanga mawe. Kama huikumbuki, unabaki. Jioni ikikaribia unabaki hata kama unahisi unaikumbuka, kwa sababu giza porini linawavunja watu miguu kuliko mnyama yeyote.

Ile ya "moss" kuota upande wa kaskazini wa mti, yaani ule ukungu wa kijani kwenye magome, iache. Unaota popote penye unyevu na kivuli, na kuna misitu unauzunguka mti mzima.

Kuna wanaosema fuata mto utafika kwa watu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mfano wanaoutumia ni wa kweli. Juliane Koepcke, binti wa miaka 17, ndege aliyopanda ilipasuka angani Peru tarehe 24 Disemba 1971, watu 92 ndani, akapona yeye peke yake, akafuata kijito mpaka mto na baada ya siku 11 akakutana na wakata miti. Ni kweli kabisa. Lakini huyu binti alikuwa ameishi kwenye huo msitu, wazazi wake walikuwa watafiti wa viumbe na walikuwa na kituo chao humohumo, alijua kijito cha pale kinaelekea wapi na nini cha kuogopa majini. Na alikuwa chini ya miti ambayo ndege za uokoaji zilipita juu zisione kitu. Milimani kijito kinaenda kwenye genge, kinaingia kwenye korongo ambalo kushuka unashuka na kupanda huwezi. Kwa hiyo kufuata maji ni uamuzi wa mwisho wa mtu anayelijua eneo na anayejua hakuna anayemtafuta.

Kubaki nako kuna namna yake, kubaki sio kujificha. Mwaka 2013 kule Maine, Marekani, mwanamama mmoja aliyekuwa anatembea Appalachian Trail, ile njia ndefu ya watembea kwa miguu, alitoka njiani kujisaidia tu, akashindwa kuiona njia tena. Akatuma meseji kwa mumewe, hazikwenda kwa sababu hakukuwa na mtandao. Akaweka hema na kusubiri, na maandishi yake yanaonesha aliishi kwa wiki kadhaa, mwili wake ukapatikana 2015 ndani ya hema lake, chini ya miti minene ambapo mtu wa juu haoni kitu. Alikuwa hayuko mbali na njia. Mi hii habari huwa nawasimulia vijana kabla hatujaanza kutembea na nawapa sheria mbili: ukitoka njiani kujisaidia acha begi lako palepale pembeni ya njia ili mwenzako alione, na usiende mbali kiasi kwamba huoni begi. Na ukipotea, makazi yako yawe pembeni ya sehemu ya wazi, ukingo wa uwanda, juu ya mwamba, popote ambapo anga linakuona.

Kama una gari na limekwama, usiliache. Gari linaonekana kutoka juu, mtu haonekani.

Baridi na joto vinakuwahi kuliko njaa

Watu wa uokoaji wana kanuni ya tatu tatu, na ingawa sio hesabu kamili inapanga vizuri kichwa: dakika 3 bila hewa, saa 3 kwenye hali mbaya ya hewa bila kinga, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula. Angalia chakula kiko wapi. Mwisho kabisa! Lakini kwenye TV ndo kitu cha kwanza, jamaa hajamaliza saa moja tangu ashuke kashika buu.

Baridi inaua hata sehemu ambazo hakuna barafu, mvua na upepo vinatosha kabisa. Ukilowa unapoteza joto haraka sana, na nguo za pamba zikilowa zinabaki na maji na kukunyonya joto usiku kucha. Kwa hiyo kaa mkavu kabla hujalowa, usisubiri. Ukianza kuona mwenzako anatetemeka, anaongea kwa kukokoteza maneno, anajikwaa, anasema "niko poa" huku hawezi kufunga zipu, huyo ameshaanza kuzidiwa. Mkinge na upepo, mvue vilivyolowa, mvalishe vikavu, mfunike kichwa, mtenge na ardhi, kama anameza vizuri mpe kitu cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu na usimpe pombe. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, anajisikia joto kumbe joto la ndani ndo linatoka.

Vile vibanda wanavyojenga kwenye TV, vya magogo na paa la majani, vinachukua nusu siku na jasho lote, na jasho lenyewe ni maji unayoyapoteza na nguo unayoilowesha. We beba mfuko mkubwa wa takataka wa plastiki, ule mnene, wa rangi kali kama unapata. Toboa tundu la uso karibu na kona ya chini ya mfuko, sio katikati, alafu jivike kutokea kichwani uso utokeze hapo, uzito wake ni kama hakuna na unazuia mvua na upepo palepale. Hakikisha pua na mdomo viko nje, na mtoto usimwache nao peke yake. Alafu chini. Hapa ndo wengi wanakosea, wanajifunika juu wakati ardhi ndo inawamaliza. Kusanya majani makavu, nyasi, matawi membamba, lundika mpaka ukilala bado kuna unene wa kiganja kati yako na udongo. Ukilalia ukaona pamebonyea hadi chini, ongeza. Kalia begi lako, kalia kamba, kalia viatu vya ziada, chochote kile.

Usilale kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama mchanga wake ni laini na pamejikinga vizuri. Mvua inanyesha mbali huko ambako hata wingu lake hulioni, na maji yanakuja usiku kwa mkupuo.

Kwenye joto ni kivuli kwanza, mambo mengine baadaye. Usivue shati, ngozi iliyofunikwa inapoteza maji kidogo. Usikae moja kwa moja kwenye udongo uliopigwa jua, udongo wa juu unakuwa wa moto kuliko hewa, jiinue hata sentimita 30 au chimba kidogo ufikie wa chini uliopoa. Kazi yoyote ya lazima ifanye alfajiri au jioni.

Moto

Moto wa kupekecha vijiti upo kweli na watu wanauweza, lakini wanauweza kwa kuwa wamerudia mara nyingi sana, na miti wanaijua, na siku hiyo hakukuwa na mvua. Wewe umechoka, vidole vimekufa ganzi, kila kitu kimelowa. Beba viberiti vya gesi viwili, kimoja mfukoni kimoja kwenye begi, na njiti ndani ya kachupa kasikoingiza maji. Beba pia pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, inashika moto haraka na inawaka dakika kadhaa hata kukiwa na unyevunyevu.

Kuni usiokote chini kama mvua imepita. Tafuta matawi yaliyokufa ambayo bado yananing'inia mtini, unene wa njiti ya kiberiti mpaka wa kidole. Yavunje, kama yanalia "ta!" ni makavu, kama yanapinda kwanza achana nayo. Kusanya mengi kuliko unavyodhani, lundo la kukumbatia kwa mikono miwili ya yale membamba tu, KABLA hujawasha kitu. Watu wanawasha kwanza alafu wanakimbia kutafuta kuni, wakirudi wanakuta moshi. Gogo lililolowa lipasue, katikati yake mara nyingi ni kavu. Weka chini vipande vya magome au vijiti viwe kitanda, udongo wa maji unaua moto mdogo.

Na moto wa kuitia watu uwashe sehemu iliyosafishwa tu, na uwe na uwezo wa kuuzima. Mwaka 2002 Arizona mtu aliyekwama aliwasha moto ili helikopta imwone, ukamponyoka, ukaja kuungana na moto mwingine na kwa pamoja vikachoma zaidi ya hekta 180,000. Mwenyewe alikuwa anataka kuonekana tu.

Maji

Mkojo jibu ni hapana. Mwili unatoa mkojo kwa sababu una chumvi na taka ambazo hauzitaki, na ukiwa umekaukiwa mkojo unakuwa mzito zaidi, wa njano iliyoiva, ukiurudisha ndani figo inabidi zitumie maji kuutoa tena. Kitabu cha jeshi la Marekani cha kujinusuru kinauweka mkojo kwenye orodha ya visivyonywewa pamoja na damu na maji ya bahari. Kama mkojo unao na joto linakutesa, lowesha kitambaa ujifunge shingoni, utapoa na hautakudhuru.

Maji ya kwenye kinyesi cha mnyama, kamwe. Ukiharisha ukiwa tayari una kiu unapoteza kwa saa chache maji ambayo ungeyatumia siku nzima. Mipungate (cactus) nayo ya kukata na kukamua, mingi ina kemikali zinazotapisha, na kutapika ni kupoteza maji vilevile. Lile shimo la nailoni la kukusanya mvuke linapendeza sana ukichorewa, ila jasho la kulichimba linazidi maji utakayoyapata.

Maji uliyonayo usiyabanie kupita kiasi. Wapo watu waliokutwa wamekufa kwa kiu na chupa bado ina maji, kwa sababu walifundishwa kunywa kifuniko kimoja kimoja. Maji yakae mwilini, unachobania ni jasho: usitembee juani, usiongee sana, usivute sigara, usile kama huna maji maana kumeng'enya chakula kunataka maji, hasa nyama.

Maji ya mto au dimbwi yachemshe. Yakishabubujika kisawasawa dakika 1 inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 toka usawa wa bahari weka dakika 3, kwa sababu huko yanachemka kwa joto dogo zaidi. Yale mambo ya kuchemsha dakika ishirini unamaliza kuni bure. Kama yana tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa, ndo uchemshe. Kuchemsha hakuondoi kemikali, kwa hiyo maji yenye rangi ya ajabu au utando wa mafuta, au karibu na mgodi au mashamba yanayopigwa dawa, tafuta mengine. Huna sufuria? Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, ilaze juani saa 6 za jua kali, siku 2 kukiwa na mawingu, mionzi ya jua inaua vijidudu. Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba, fuata muda ulioandikwa, ila jua kwamba kuna vimelea kama criptosporidiamu ambavyo klorini haiviwezi.

Na kama umekwama na una kiu kali kabisa na maji pekee ni ya dimbwi na huna namna ya kuyasafisha? Kunywa. Kuharisha kunaanza baada ya siku kadhaa mara nyingi na hospitali wanakutibu, kiu inaua kabla ya hapo. Nasema dimbwi la maji ya kawaida, sio mkojo, sio bahari.

Theluji usiile ikiwa theluji, inakushusha joto, iyeyushe kwanza.

Nyoka

Hapa ndo roho inaniuma zaidi, kwa sababu ushauri wa kwenye filamu na vipindi unakata watu miguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 wanagongwa na nyoka kila mwaka na kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa, na wengine wengi zaidi wanabaki na vilema. Sasa mtu anagongwa, mwenzake anatoa kisu anachanja, ananyonya, anafunga kamba juu ya goti mpaka mguu unakuwa mweusi. Kunyonya hakutoi sumu ya kiasi cha maana, iwe kwa mdomo au kwa vile vipampu vinavyouzwa. Kuchanja kunaleta damu isiyokata kwa sababu sumu za nyoka wengine zinazuia damu kuganda, unaweza kumuua kwa kisu chako. Kamba iliyokazwa inafungia sumu ya kuozesha nyama sehemu moja na kukata damu kwenye mguu mzima. Barafu, umeme, mafuta ya taa, jiwe jeusi, vyote hivyo viache.

Fanya hivi. Toka alipo nyoka, usimkimbize wala kumuua, ukiweza mpige picha ukiwa mbali basi. Mwambie mgonjwa atulie na umaanishe, mwambie kwamba nyoka wengi hawana sumu kali na hata wenye sumu mara nyingine wanagonga bila kuitoa, hiyo ni kweli sio kumdanganya. Vua pete, saa, bangili, viatu, kila kinachobana upande uliogongwa kabla haujavimba. Ufunge ule mguu au mkono kwa kijiti kama unavyofunga mfupa uliovunjika ili usichezeshwe, kwa sababu sumu nyingi inasafiri kwenye mishipa ya limfu na misuli ikifanya kazi ndo inaisukuma. Mbebe. Asitembee kama kuna namna yoyote ya kumbeba. Andika saa aliyogongwa. Akitapika mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usimpe pombe wala aspirini. Alafu hospitali, mapema iwezekanavyo, kwa sababu kinachotibu ni dawa ya kuua sumu ya nyoka tu, na inachomwa na wanaojua kwa kuwa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Kuna ile bandeji ya kuzungushia mguu mzima kwa mkazo wa kiasi, inasaidia kwa nyoka kama koboko (black mamba) na swila (cobra) wasiotema, ambao sumu yao inapooza pumzi, lakini kwa wale wa kuozesha kama kifutu inaweza kuharibu zaidi, basi kama hukufundishwa kwa vitendo usiijaribu.

Swila akikutemea machoni, maji mengi mfululizo hata robo saa, usisugue, alafu hospitali.

Kuvuka maji na kuruka

Maji yanayokwenda kasi yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Jamaa wa TV anaruka kwenye mto kwa kichwa na huoni mtu aliyeshika kamba pale chini. Wewe ukifika kwenye mto ulioumuka, subiri. Mito mingi ya mvua inapungua ndani ya saa chache. Ukilazimika, tafuta sehemu pana ambayo maji yametawanyika, angalia chini yake kuna nini maana huko ndo utapelekwa ukianguka, fungua mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni ili ulivue fasta, vaa viatu, shika mti mrefu uuegemee upande maji yanakotoka, uso uelekee hukohuko, sogeza mguu mmoja kwa wakati. Yakishapita magoti na yana kasi, rudi. Ukianguka usijaribu kusimama kwenye kasi, mguu ukinasa kwenye mawe maji yanakulaza na hutoki. Lala chali miguu mbele mpaka pa kina kifupi.

Maji ya baridi sana yana utaratibu wake: dakika ya kwanza pumzi inakatika unahema bila kujizuia, kwa hiyo elea tu usimeze maji, baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, zitumie kutoka.

Na magenge usiruke. Enka ikiteguka umeshakuwa mgonjwa wa kubebwa.

Chakula nitasema kidogo kwa makusudi. Mtu mzima mwenye afya anakaa wiki bila kula, ataumwa kichwa, ataishiwa nguvu, hatakufa. Uyoga usiokuwa na uhakika nao kwa asilimia mia usiuguse. Matunda kwamba "ndege wanakula basi ni salama" sio kweli, ndege wanakula vitu vinavyoua watu. Wadudu, konokono na nyama mbichi vinaweza kuwa na minyoo. Acha.

Uonekane na wanaokutafuta

Filimbi inazidi sauti yako, na sauti ikikauka filimbi bado ipo. Piga mara tatu, pumzika, rudia, tatu ya kitu chochote inajulikana kama ishara ya shida: mioto mitatu, mawe mafungu matatu, tochi mara tatu. Kioo kidogo mchana wa jua kinaonekana kilomita nyingi sana: nyoosha mkono mbele, weka vidole viwili kama V, ndege iwe kati ya vidole, cheza na kioo mpaka mwanga upite kwenye vile vidole. Tandaza kila chenye rangi kali, nguo, turubai, begi, kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu porini mistari iliyonyooka haipo.

Simu izime au weka kwenye hali ya ndege, washa kwa muda mfupi kila baada ya saa kadhaa, ikiwezekana kwenye sehemu iliyoinuka iliyo karibu. Tuma meseji kabla ya kupiga, meseji inapenya kwenye mtandao dhaifu ambapo sauti haipiti, na iandike kamili kwa mara moja: mko wangapi, nani kaumia, namba za GPS, mna nini. Namba 112 inafanya kazi kwenye nchi nyingi na inaweza kupita hata kwenye mtandao ambao sio wako. Betri ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, baridi inaimaliza. Kama unaenda mbali kwelikweli tafuta kifaa cha dharura cha setilaiti, kile cha masafa ya 406 MHz, ukikibonyeza kinatuma mahali ulipo kwenye mfumo wa kimataifa wa uokoaji unaoitwa Cospas-Sarsat bila kuhitaji mtandao wa simu.

Kabla hujatoka

Aron Ralston alikuwa mpandaji mzoefu. Aprili 2003 jiwe lilimbana mkono kwenye korongo la Bluejohn, Utah, akakaa pale saa 127, akafikia kunywa mkojo wake na mwisho akajikata mkono mwenyewe ili atoke. Watu wanasimulia ujasiri wake na ni kweli ni ujasiri mkubwa, ila kilichomfikisha pale ni kwamba hakumwambia mtu yeyote anaenda wapi, kwa hiyo kwa siku zote hizo hakuna aliyekuwa anajua aanzie wapi kumtafuta.

Basi andika. Karatasi au meseji, kwa mtu ambaye atachukua hatua kweli sio yule asiyejibu simu: naenda wapi, napitia njia ipi, niko na nani, nimevaa rangi gani, gari limepakiwa wapi, narudi saa ngapi, na saa ngapi ikipita bila kunisikia upige simu kwa waokoaji na namba yao hii hapa. Hiyo saa ya mwisho ndo muhimu na watu wanaisahau, wanasema "nitarudi jioni", sasa mwenzio anakaa mpaka kesho mchana anawaza labda umelala huko. Ukibadilisha njia mwambie, na ukifika salama mpigie siku hiyohiyo kabla hata ya kuoga, ili watu wasiingie porini usiku kumtafuta mtu ambaye yuko kitandani kwake.